Tarumbeta Moja, Ukumbi Mzima

Ukivuka barabara ya Lindi pale Kibiti, mkabala na ukumbi unaokodishwa kwa harusi na semina, utakuta kijiwe cha kahawa cha Mzee Nassibu: benchi mbili za mbao zilizopauka, jiko la mkaa, birika la shaba, na sahani ya kashata iliyofunikwa kitambaa kuzuia nzi. Wenyeji wa pale wana vyeo walivyopeana wenyewe. Mustapha, muuza machungwa ya jumla, anaitwa Waziri, kwa sababu hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Twalha wa bodaboda anaitwa Gia, kwa vile hata habari ya msiba huisimulia kwa mwendo wa kasi. Mazungumzo yao ya kila siku ni mpira, bei ya korosho, na nani kamwacha nani. Lakini Jumamosi hiyo shule za Kibiti na Rufiji zilikuwa na tamasha la bendi mle ukumbini, na wakati wa mapumziko ya Adhuhuri walimu watatu wa bendi walivuka barabara kutafuta kahawa. Mmoja wao, Mwalimu Theodory, alikuwa ameshika kikombe ambacho kilishapoa bila kuonjwa.

— Ticha, kunywa bwana, — Mustapha alimwambia. — Kahawa ikilala kwenye kikombe inageuka dawa ya minyoo.

Theodory akainua kikombe, akakishusha. Akapiga tena simu ya Bi Swaumu, mama yake Hafsa. Sauti ile ile ikamwambia namba anayopiga haipatikani.

Hafsa alikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Watu wakishatoka kuswali, tamasha lingeendelea, na Hafsa angepanda jukwaani peke yake na tarumbeta. Alitakiwa awe amefika tangu asubuhi. Hakuonekana, na tarumbeta alikuwa nayo yeye, maana alikwenda nayo nyumbani Mtunda kufanya mazoezi.

— Barabara ya Mtunda itakuwa imeharibika kwa mvua ya jana, — alisema Theodory, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia wenziwe.

— Barabara freshi tu, — Twalha akamjibu. — Nimemshusha abiria wa Mtunda sasa hivi. Tope lipo pale mteremkoni, lakini hata baiskeli inapita.

Twalha alidhani anampa moyo. Theodory alizidi kupata hofu. Maadamu barabara ilikuwa ikipitika, kulikuwa na sababu nyingine ya kuchelewa, na hiyo hakutaka kuifikiria.

Theodory kwao ni Kagera. Aliletwa Mtunda kufundisha hisabati, na kwa kuwa utotoni alipuliza tarumbeta kanisani, wakamkabidhi na bendi ya shule. Ilikuwa bendi ya watoto ishirini na zaidi. Kisha mto ukapanda. Maji yaliingia chumba cha bendi mpaka usawa wa madirisha, yakakaa humo siku kadhaa. Yalipotoka, ngoma zilikuwa zimevimba kama maboga na tarumbeta vitufe vyake vimeshika kutu. Watoto wengi walihama na wazazi wao kwenda sehemu za juu. Theodory alisugua, akapaka mafuta, akabembeleza, na mwisho wa yote akabaki na tarumbeta moja inayolia sawasawa na watoto wanne wanaotaka kuipuliza. Mkuu wa shule, mtu wa haki lakini asiye na masikio ya muziki, alimwita ofisini na kumwambia chumba kile anakitaka kiwe maabara. Theodory akaomba asubiri mpaka tamasha lipite. Mkuu akakubali, na leo alikuwa mle ukumbini, mstari wa mbele, amevaa koti.

Mwalimu Zabibu, aliyekaa kulia kwake, alikitazama kikombe chake kilichobaki kimejaa. Zabibu ni mwenyeji, Mndengereko wa hapo hapo, anafundisha shule ya msingi mjini. Bendi yake ni ya filimbi na ngoma ndogo.

— Kaka, nilikwambia, — alisema kwa upole. — Nilikwambia nina tarumbeta mbili zimekaa bure kabatini, chukua. Uwapange wanne wako kwa zamu, ama wapige wawili na ngoma mbili. Ungeingia upande wa vikundi vidogo. Sasa hivi ungekuwa unakunywa kahawa yako.

— Najua, dada.

— Ukasema hutaki. Unataka mmoja.

— Nilisema Hafsa anaweza.

— Sikusema hawezi. Ila mtu anaweza kubeba gunia, haina maana umtwishe bila kumsaidia kuliinua.

Mwalimu Stephano wa Nyamwage akakohoa kidogo, kama mtu anayefungua mkutano. Ni mtu mzima, anakaribia kustaafu. Aliwahi kupiga ngoma kubwa kwenye bendi ya jeshi, na mpaka leo hukaa benchi mgongo ukiwa umenyooka. Asubuhi bendi yake nzima ilipiga gwaride mbele ya ukumbi mpaka magari ya Lindi yakasimama kuitazama.

— Mimi niseme la moyoni, — alisema. — Habari hii ya kumpandisha mtoto mmoja mimi siielewi na sijawahi kuielewa. Bendi ni mstari. Mtoto anaingia mstarini, anajifunza kumsikiliza wa kulia na wa kushoto, anajifunza kunyamaza zamu yake isipofika. Mtoto mkorofi nipe mimi, nimtie kwenye ngoma ya pili, baada ya muhula mmoja anasalimia watu. Sasa wewe ukimtoa mmoja ukamfundisha yeye tu, wale wengine wanafanya nini?

— Wengine hawana vyombo, mzee wangu.

— Hata kabla ya maji ulikuwa ukisema hivi hivi. Kwenye semina ile ya walimu wa bendi ulisimama ukasema kila mtoto asikilizwe peke yake. Mimi nilikuwepo.

— Nilisema, na bado nasema. Mzee Stephano, kwenye bendi ya watoto ishirini, saba wanapiga na wengine wanavimbisha mashavu. Nilikuwa na kijana mmoja, alitembea na tarumbeta mdomoni tangu kidato cha kwanza, hatua zake safi, sare imenyooka. Siku ya mahafali wenzake wa mstari wake wakaumwa, kabaki yeye. Hakikutoka kitu. Upepo mtupu.

Mzee Nassibu, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likayumba. Stephano hakucheka.

— Kijana huyo alijifunza kutembea na wenzake, — alisema. — Hilo nalo ni jambo.

— Mimi hapo namuunga mkono Ticha, — alisema Zabibu. — Kundi kubwa linaficha. Ndiyo maana nawapanga wanne wanne. Kwenye wanne hujifichi, lakini ukiteleza mwenzio anakudaka. Leo asubuhi mmeona wangu? Yule wa filimbi alisahau katikati. Wa ngoma akaurudia mdundo ule ule, akaurudia, mpaka mwenzake akakumbuka. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo.

— Niliona, — alisema Theodory. — Walipendeza. Lakini yule wa filimbi hatajua kama angeweza kukumbuka mwenyewe.

— Ana miaka kumi na moja, kaka. Ajue ya nini?

Jibu la Theodory halikuwa la kusema kijiweni. Ukweli ni kwamba wiki zile baada ya mafuriko, alipokuwa ameanika vyombo juani nyuma ya madarasa, alisikia tarumbeta ikilia. Alisimama pembeni ya ukuta. Hafsa alikuwa amekaa juu ya tofali, amewapa mgongo watu wote wa dunia, anapiga wimbo ambao wanawake wa kule huimba wakitwanga mpunga. Hakuna aliyemfundisha kuupiga. Aliupiga polepole, na pale ambapo wanawake huvuta pumzi kuinua mchi, naye alivuta pumzi. Theodory hakusogea. Tangu siku hiyo alikuwa na hamu moja tu, watu wengine nao wasikie. Hakuwahi kujiuliza kama Hafsa naye ana hamu hiyo.

— Ngojeni niwaambie tatizo liko wapi, — alisema Mustapha, akasogeza miguu ili apate nafasi ya kunyoosha mkono. — Ninyi mnaongea habari za mafunzo. Tatizo ni macho.

— Macho gani, Waziri? — Twalha akauliza.

— Macho ya watu. Mle ndani pana watu kama mia nne. Macho mia nane hayo. Wakipanda watoto ishirini, yale macho wanagawana, kila mmoja anapata arobaini. Mtu wa kawaida anaweza kubeba macho arobaini, hata mimi sokoni nabeba. Sasa huyu binti wa watu anapanda peke yake, anatwishwa mia nane yote. Kichwa hakichemki hapo?

— Na wenye chongo umewahesabu? — aliuliza Mzee Nassibu.

— Hao nimewapa msamaha.

— Basi dawa ni rahisi, — alisema Twalha. — Avae miwani ya jua. Mimi nikipita kwa trafiki navaa miwani, naona hofu yote inabaki nje.

— Gia, wewe hofu yako ni leseni.

— Nasema kitu cha kweli, Waziri. Hofu inaingilia machoni, inashuka kooni, inakaa kwenye ini. Ikishakaa kwenye ini pumzi inakatika. Ndiyo maana madereva wa mabasi wana ini kubwa.

Stephano alimgeukia Theodory kana kwamba wale wawili hawakuwepo.

— Alikuwaje mara ya mwisho ulipomwona?

Theodory aliiweka simu kwenye paja.

— Alhamisi tulifanya mazoezi. Alifika katikati akashusha tarumbeta. Akaniambia, Mwalimu, mate yamekwisha. Nikamwambia anywe maji, ni kawaida.

— Akanywa?

— Akanywa. Akapiga mpaka mwisho. Lakini alikuwa anapiga kama anayesoma tangazo. Kisha akaniuliza kama siku yenyewe nami nitapiga pamoja naye. Nikamwambia hapana, upande huu ni wa mtu mmoja.

— Akasemaje?

— Akasema sawa, Mwalimu.

Kila mwalimu anaijua ile "sawa, Mwalimu" ya mtoto, na anajua kwamba ndani yake panaweza kukaa chochote.

— Mimi nawaambia huyu kachelewa kwa jambo la Mtunda kwenyewe, — alisema Mustapha, ambaye kimya kilikuwa kikimwasha. — Mnajua akipuliza tarumbeta kule jioni kinachotokea? Viboko wanajibu. Nimeambiwa na mtu wa kule kule. Binti akipuliza moja, kiboko bwawani anapuliza moja. Sasa kiboko ana wivu sana huyo mnyama. Akikuzoea hataki uende kupigia watu wengine. Hapo alipo, kiboko kalala katikati ya njia, binti anashindwa kupita.

— Nimepita mimi leo, hakuna kiboko, — alisema Twalha.

— Wewe kiboko hakutaki. Pikipiki yako inalia kama mbuzi.

Mzee Nassibu akacheka tena, na Zabibu naye akatabasamu, lakini Theodory alisimama. Alivuka mpaka ukingo wa barabara, akatazama upande wa stendi, akatazama upande wa kusini. Basi la Lindi lilipita likamrushia mchanga mweupe, na likishapita barabara ilikuwa tupu, mwanamke mmoja tu na ndoo yake. Alirudi akakaa. Kichwani mwake aliona mkuu wa shule alikuwa ameshavua koti, anapima chumba kwa futi kamba.

— Mwalimu, — alisema Zabibu, sasa kwa sauti ya chini, — asipokuja, usimpige. Wala usimseme mbele za watu.

— Siwezi kumpiga.

— Najua. Nasema tu, ili nawe ujisikie umeambiwa.

Mlangoni mwa ukumbi akatokea msimamizi wa tamasha, kijana mwenye kitambulisho shingoni. Aliita kwa kukunja viganja mdomoni kwamba wapigaji wa mmoja mmoja wajiandae, shule mbili zitangulie, ya tatu ni ya Mtunda. Theodory alimwinulia mkono kuonyesha amesikia. Mkono ulibaki hewani kidogo kupita ilivyohitajika.

— Kawaombe wabadilishe, — alisema Stephano. — Waambie umeleta kikundi. Wale wenzake watatu si wamo ndani? Nitakupa vyombo vyangu, nitakupa na vijana wawili wa ngoma. Wasimame wote, wapige kile wanachokijua. Hakuna mtoto atakayeumia.

Lilikuwa jambo la wema, na Theodory aliliona hivyo. Akiwa amenyanyuka nusu, hajui aende mlangoni au abaki, alimwona Hafsa.

Hakutokea upande wa barabara ya Mtunda. Alitokea uchochoroni, nyuma ya maduka ya stendi, anatembea taratibu, sare imepigwa pasi, viatu safi bila tone la tope. Tarumbeta ilikuwa kifuani, imefungwa kwa khanga.

— Shikamooni, — alisema alipofika, na macho yake yalikuwa kwenye jiko la mkaa.

— Marahaba, mwanangu, — wazee wakaitikia kwa pamoja.

— Hafsa, — Theodory alianza. — Tumekutafuta. Simu ya mama haipatikani.

— Mama kaizima. Nilimwomba mimi. — Aliikumbatia tarumbeta. — Nilifika tangu asubuhi, Mwalimu. Nilikuwa kwa mama mdogo Faudhia, hapo nyuma. Nilikuwa nawasikia ukumbini.

Theodory alitaka kukasirika, akashindwa kuipata hiyo hasira ilipokaa. Alichopata ni picha ya mtoto aliyekaa chumbani kwa watu tangu asubuhi, tarumbeta mapajani, anasikiliza makofi ya ukumbini.

— Hutaki kupiga? — aliuliza.

— Sijasema sitaki.

— Sasa ni nini?

Hafsa alifungua khanga kidogo, akaifunga tena. Alipozungumza, alisema polepole, kama mtu aliyelipanga swali lake tangu asubuhi akaogopa litavunjika.

— Tulipokuwa bendi nzima tulikuwa tunakutazama wewe mbele. Sisi wanne tukipokezana tarumbeta tunatazamana wenyewe. Mtu akipiga peke yake, Mwalimu, anatazama wapi?

Theodory alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi ya kazi hiyo: simama wima, pumua kutoka tumboni, usikaze midomo. Yote aliyafundisha. Hilo la macho hakuwahi kulifundisha, na alipolitafuta kichwani alikuta hakuna mahali alipolihifadhi. Kanisani kwao alipiga katikati ya wenzake, wa tatu kutoka kushoto, macho kwa kiongozi. Kwenye harusi, hivyo hivyo. Hajawahi hata siku moja kusimama mbele ya watu na tarumbeta yeye tu.

Alimtazama Stephano. Stephano alimtazama Zabibu. Zabibu akainamisha kichwa, akawa anaondoa punje ya kashata kwenye gauni.

— Mimi nilikuwa ngoma kubwa, — Stephano alisema hatimaye. — Nilikuwa natazama mgongo wa mtu wa mbele yangu.

— Mimi sijapanda mwenyewe, mwanangu, — alisema Zabibu. — Napandisha watoto tu.

Macho ya kijiwe yakamwendea Mustapha. Mustapha alikuna kidevu, akatazama birika, akatazama barabara.

— Hilo sijui, — alisema.

Mzee Nassibu aliacha kuchochea mkaa. Twalha, ambaye angeweza kusema jambo la miwani, hakulisema.

— Hafsa, — alisema Theodory, — mimi pia sijui. Sijawahi kupiga hivyo. Nimekutuma mahali ambapo sijafika. Mzee Stephano hapa anasema tunaweza kuomba mpige kikundi. Wenzako wako ndani. Ukitaka hivyo, naenda kuomba sasa hivi, na hakuna atakayekulaumu. Mkuu wa shule nitamkabili mimi.

Hafsa alifikiri. Gari la mchanga likapita, likatokomea.

— Wewe utakuwa wapi? — aliuliza.

— Popote unapotaka.

— Usikae mbele.

— Sawa.

— Basi nitajaribu, — alisema, akavuka barabara bila kuwangojea.

Kijiwe kizima kilimfuata, hata Mzee Nassibu, aliyeliacha jiko lake chini ya uangalizi wa mwenye duka la jirani. Walisimama nyuma kabisa, ukutani, maana viti vilijaa. Ndani palikuwa na joto na harufu ya jasho la sare. Wanafunzi wawili wa shule nyingine walikuwa wameshapiga na kushangiliwa. Msimamizi akasoma jina la Hafsa.

Alionekana mdogo kule juu. Aliitoa tarumbeta kwenye khanga, akaiweka khanga sakafuni, akaona haikai vizuri, akainama akaikunja. Watu wakaanza kunong'ona. Alipoipeleka tarumbeta mdomoni, sauti ya kwanza ilitoka imepasuka, kama mlango wenye bawaba kavu, na upande wa kushoto kijana mmoja akacheka.

Theodory aliukaza mgongo ukutani. Alihisi mtu amemshika mkono juu ya kiwiko, akageuka, akaona ni Stephano, naye hakuwa na habari kwamba kamshika mtu.

Hafsa alishusha tarumbeta. Akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. Alitazama ukumbini, kichwa kikienda taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine kama anayemtafuta mtu, na mahali fulani kikasimama. Akaanza tena. Safari hii sauti ilitoka nzima. Ulikuwa ule wimbo wa mpunga, na baada ya muda mfupi wanawake wa upande wa mlangoni waliutambua, mabega yao yakaanza kwenda nao bila wao kujua. Kijana aliyecheka alinyamaza. Wimbo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kisha katikati, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kukatika, ukakatika.

Hafsa alisimama na tarumbeta mdomoni, hapulizi. Hakuna kilichosikika isipokuwa feni. Theodory aliwaza kumpigia makofi ya mdundo kutoka pale ukutani. Zabibu alishainua mikono afanye hivyo hivyo, kama yule mtoto wake wa ngoma. Wakatazamana, wakaacha. Feni ilizunguka. Mwanamke mmoja akasema "jamani" kwa sauti ndogo.

Ndipo tarumbeta ikaendelea, kutoka pale pale ilipoachia, na ikaenda mpaka mwisho.

Hawakushangilia kama walivyoishangilia bendi ya Nyamwage asubuhi. Walipiga makofi kama watu waliokuwa wamebana pumzi. Waamuzi walipotangaza baadaye, Hafsa alikuwa wa tatu kati ya watano. Mkuu wa shule, akielekea kwenye gari lake na koti begani, alimwambia Theodory kwamba suala la chumba wataliongea muhula ujao. Kisha akauliza kama ule wimbo ni wa kanisani, maana kama ameusikia kwa bibi yake. Theodory akamwambia si wa kanisani.

Walirudi kijiweni. Mkaa ulikuwa umezimika na kahawa imebaki machicha. Mzee Nassibu akaligeuza birika kuwaonyesha, akawagawia kashata zilizosalia. Hafsa alisimama pembeni ya benchi, tarumbeta imerudi kwenye khanga. Wote walimtazama, kisha wakakumbuka habari ya macho, wakatazama kwingine.

Stephano ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa adabu, mgongo umenyooka, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole.

— Midomo haikukauka?

— Ilikauka, babu.

— Ukafanyaje?

— Nikapiga nayo hivyo hivyo.

Stephano alitikisa kichwa kwa kukubali, akalihifadhi jibu.

— Na ulipokatika, — aliuliza Zabibu, — ulisahau?

— Sikusahau.

Theodory akamsogelea.

— Ulikuwa unatazama wapi? — akamuuliza.

— Kulikuwa na mzee mmoja mstari wa nyuma, amelala, — alisema Hafsa. — Nilimtafuta mtu asiyenitazama, nikampata yule. Nikawa nampigia yeye, maana hasikii. Halafu katikati akaamka.

— Ndipo ukanyamaza.

— Nilikuwa nangoja alale tena.

Twalha alitaka kucheka, Mustapha akamgusa goti.

— Akalala? — aliuliza Theodory.

— Hakulala. Aliendelea kunitazama tu. — Hafsa aliikaza khanga kwenye tarumbeta. — Nikaona basi, kashaniona. Nikamalizia.

Mwalimu Zabibu akasogea kwenye benchi, Stephano naye akasogea, wakampisha nafasi akae kati yao.